Pua ya Skolastika Mligo

Siku ya mtihani wake Skolastika Mligo aliiweka Pua juu ya meza mbele ya Kamishna Haule, akaifuta vumbi kwa ncha ya skafu yake, akabonyeza kitufe. Pua lilikuwa jina tu. Kwa macho ilikuwa kopo la maziwa ya unga lenye matundu upande wa mbele, antena fupi isiyo na kazi yoyote, na kipaza sauti kikubwa kuliko kopo lenyewe. Ilikohoa kidogo, kama kawaida yake ikiamka, kisha ikasema kwa sauti ya mwanamke mwenye adabu na haraka:

"Abiria wapendwa, mbele yenu kuna maziwa yaliyoanza kuchacha. Tunawaomba msiyanywe. Asanteni kwa kusafiri nasi."

Skauti waliokuwa wamekaa kwenye nyasi walishangilia mpaka kunguru wakaruka kutoka kwenye misonobari. Kamishna Haule hakushangilia. Alikuwa ametoka makao makuu ya mkoa kuja kwenye kambi hii ya milimani, juu ya Njombe, kwa kazi moja tu, kupima nani anastahili nishani na nani hastahili, na alikuwa mwanamke anayepiga pasi hata kamba za viatu. Aliinua bilauri ya maziwa, akainusa, akakunja uso, akairudisha.

"Kwa nini inatuita abiria?"

"Sauti niliitoa kwenye mashine ya matangazo ya stendi ya zamani, Kamishna," alisema Skola. "Walipoibomoa stendi walitupa kila kitu. Nimejaribu kuyafuta hayo maneno, yamegoma."

"Na haiwezi kusema taratibu?"

"Hapana, Kamishna. Stendi kulikuwa na kelele."

"Inanusaje?"

Hapo Skola alichangamka, maana swali hilo alikuwa amelisubiri tangu apande gari. Alieleza kwamba ndani ya kopo kuna utando wa jeli, na kwenye jeli kumeoteshwa chembe hai za pua ya panya buku, wale wanaofundishwa Morogoro kunusa mabomu na magonjwa. Hakuna panya aliyeumizwa, chembe zinaoteshwa maabara kama inavyooteshwa nyama ya mtambo. Harufu ikiingia, kila chembe inatoa umeme mdogo sana. Harufu moja inagusa chembe nyingi kwa mpangilio wake wa pekee, kama vidole vinavyogusa kinanda, na ubongo wa mashine unajifunza ule wimbo. Ukishaionjesha harufu mara moja na kuitajia jina, haisahau tena.

"Na inaweza kumdhuru nani?"

"Hakuna, Kamishna. Labda imdondokee mtu mguuni."

Pua, ambayo haikuwa imezimwa, ilikohoa. "Abiria wapendwa, abiria aliye mbele amejipaka dawa ya magoti. Tunamtakia nafuu ya haraka."

Nyasi nzima iliangua kicheko. Kamishna Haule alivuta sketi yake chini kidogo, ingawa tayari ilikuwa imefunika magoti.

"Hilo la magoti umeambiwa na mpishi," alisema. "Mjomba wangu alikuwa na kasuku aliyejua mambo mengi kuliko hili kopo, na hakuna aliyempa nishani. Nishani ya Sayansi na Teknolojia haitolewi kwa maziwa, Skolastika. Unatakiwa utatue tatizo la kweli la kambi hii, mbele ya watu wote. Mpaka sasa sijaona tatizo."

Mwalimu Gervas Ngailo, kiongozi wa kikosi chao, alimkonyeza Skola kutoka nyuma ya Kamishna. Alikuwa mwalimu wa fizikia, mnene, mcheshi. Ndiye aliyemfundisha Skola kulehemu waya, na ndiye aliyezisafirisha zile chembe kutoka Morogoro, ndani ya chupa ya chai aliyoipakata njia nzima zisipatwe na baridi. Kila asubuhi kwenye gwaride aliwahubiria kanuni ya kwanza, kwamba skauti ni mtu wa kuaminika, na aliihubiri kwa uchungu kiasi kwamba skauti wadogo walikuwa wakirudisha hata penseli walizopewa.

"Tulia," alimnong'oneza Skola baadaye. "Tatizo litapatikana. Kambi haijawahi kukosa matatizo."

Lilipatikana kesho yake mchana.

Lilikuwa tatizo la mbuzi, na ni vizuri ieleweke kwamba alikuwa mbuzi kweli, mwenye mifupa. Tangu mifugo ipunguzwe ili vyanzo vya maji vipone, watu walikula nyama ya mtambo, laini, ya mraba, isiyo na mfupa wala ukoo. Mbuzi wa kweli alichinjwa kwa kibali, kwenye harusi au sherehe kubwa, na wengi wa skauti wale walikuwa hawajamwonja tangu wabatizwe. Wazee wa kijiji cha jirani walikuwa wamekiombea kikosi kibali, wakatoa mbuzi. Mama Tweve, mpishi, alichoma paja asubuhi kwa limau na pilipili, akalifunika kwenye sinia ndani ya hema la jiko ili lisubiri karamu ya kufunga kambi. Kisha akamfunga mbwa wake mnyororo mbali na jiko, akaenda mtoni kuosha masufuria, na skauti wote wakaongozwa na Kamishna kwenda kuona maporomoko. Kambini alibaki Mwalimu Ngailo kulinda, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na wasiwasi.

Waliporudi, sinia lilikuwa na mfupa.

Mama Tweve alilia kama aliyefiwa. Mwalimu Ngailo alisema alipitiwa na usingizi kidogo kwenye kiti, hakusikia kitu. Kamishna Haule alipanga watu mstari na kuwatazama mmoja mmoja, na macho yake yakasimama kwa Fidelisi Mgaya.

Fide alikuwa rafiki wa Skola tangu darasa la kwanza. Kambi hii alikuwa akiwania nishani ya Huduma ya Kwanza, na alitembea na bandeji mfukoni akitamani mtu ateguke. Bahati mbaya zake zilikuwa mbili. Katikati ya safari ya maporomoko alikuwa amerudi kambini peke yake kuchukua bandeji za ziada, na mkono wa shati lake ulikuwa na mafuta ya nyama.

"Nilimsaidia Mama Tweve kugeuza paja asubuhi," alisema Fide. "Mwulizeni."

"Aligeuza," alisema Mama Tweve, akafuta machozi. "Lakini alikuwa analitazama vibaya."

Kambi iliyopita Fide alikuwa amemaliza chupa nzima ya asali ya kikosi, na kila mtu aliikumbuka. Kamishna alitoa hukumu. Kesho asubuhi kwenye gwaride la kufunga, kama mwizi hajajulikana, Fide atarudishwa nyumbani na gari la kwanza, nishani yake itafutwa, na jina lake litaondolewa kikosini. Kisha akamgeukia Skola, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

"Tatizo la kweli hilo hapo. Kama kopo lako linanusa, limnuse mwizi kesho, mbele ya wote. Likimtaja, nishani ni yako."

Ilikuwa wazi kwamba haamini kama litamtaja mtu yeyote.

Skola alifurahi, na Fide alifurahi kuliko yeye. Walikimbia hadi jikoni, wakauomba mfupa kwa Mama Tweve, wakauweka mbele ya matundu ya Pua. Skola aliitajia jina: mbuzi, paja, wa kuchoma.

"Sasa mimi," alisema Fide, akafungua mdomo kama aliye kwa daktari wa meno.

"Abiria wapendwa, abiria huyu amekula maharage, na soksi zake zimechelewa kufika mtoni. Mkononi ana mafuta ya mbuzi. Mdomoni hana mbuzi."

"Umesikia!" Fide alimkumbatia Skola pamoja na kopo. "Twende kwa Kamishna sasa hivi."

Lakini Kamishna alisema jaribio la faragha halihesabiwi, wasubiri gwaride. Basi Skola aliifunga Pua ndani ya sweta lake na kwenda kuiweka hemani. Njia ilipita karibu na mlingoti wa bendera. Mwalimu Ngailo alikuwa amechuchumaa pale akikaza kamba, na kwa heshima Skola alisimama kumsalimia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanasayansi. Je, mambo yanakwenda?"

Sweta lilikohoa.

"Abiria wapendwa," ilisema Pua, sauti ikipita kwenye sufu kama mtu anayetangaza akiwa ndani ya godoro, "mbele yenu kuna mbuzi. Paja. Wa kuchoma. Limau, pilipili. Kiasi kikubwa. Tunawatakia safari njema."

Skola aliibana Pua kifuani. Mwalimu hakuinuka. Aliendelea kuikaza kamba ambayo ilikuwa imeshakazika.

"Imeharibika?" aliuliza Skola, akitamani sana aambiwe ndiyo.

Mwalimu Ngailo alitazama kulia na kushoto. Kisha akakaa chini kabisa, kwenye nyasi, miguu mbele kama mtoto.

"Skola, mimi nina jongo. Unalijua jongo? Ukila nyama nyekundu, kidole gumba cha mguu kinavimba mpaka shuka likikigusa unaita mama. Kwa hiyo kliniki wamenivisha bangili, inapima damu, inampelekea mke wangu taarifa. Hata nikinusa mchuzi, simu yake inalia. Miaka sasa, Skola. Maharage na mboga. Leo nimeachwa peke yangu na lile paja. Nilisema nitafunua tu nilione."

"Na bangili?"

"Nilimvisha mbwa wa Mama Tweve. Kwa taarifa za kliniki, leo nina moyo wa mwanariadha."

Skola alicheka kabla hajajizuia. Mwalimu naye alicheka, na kwa muda mfupi ilikuwa kama zamani, wawili juu ya meza ya maabara wakicheka waya uliotoa moshi. Kisha Skola akakumbuka.

"Mwalimu, wanamfukuza Fide."

Kicheko kilimwisha Mwalimu usoni. Alichuma jani la nyasi, akalipasua katikati.

"Fide ni kijana. Mwakani watakuwa wamesahau, nitamrudisha mimi mwenyewe. Lakini mimi, Skola, nikisimama pale mbele... Nimewaambia watoto wale maneno gani kila asubuhi? Nani atanisikiliza tena?" Kisha akasema bila kumtazama, "Hata pua, unajua, kuna siku inashikwa na mafua."

Skola aliaga, akaenda hemani, akaketi juu ya kitanda chake na kopo mapajani.

Alikaa pale hadi chai ya jioni. Kuifanya Pua ishikwe na mafua ilikuwa kazi ndogo: tone la mafuta ya taa kwenye jeli, basi. Fide angeondoka, Mwalimu angebaki. Kuiacha itangaze ilikuwa kazi ndogo zaidi. Fide angebaki, nishani ingekuja, na Skola alikuwa ameshaipimia nafasi kwenye mkono wa shati lake. Ila kila alipoiwaza sauti ile ya stendi ikimtangaza Mwalimu Ngailo mbele ya kikosi kizima, ikimtakia safari njema, aliyaziba matundu ya kopo kwa kiganja. Alikuwa amemwambia Kamishna kwamba Pua haiwezi kumdhuru mtu. Sasa kila njia aliyoiona mbele yake ilikuwa na mtu anayeumia.

Chai ilipopoa alikuwa amepata njia ya tatu, na aliiona nzuri sana. Alienda kwenye chakula akiwa mwepesi, hata akaomba maharage ya nyongeza.

Asubuhi gwaride lilipangwa, bendera ikapandishwa, Mwalimu Ngailo akasimama pembeni akiwa ameegemea mguu mmoja. Siku hiyo hakuhubiri kanuni. Kamishna Haule alimwita Skola mbele.

"Pitisha kopo lako kwenye mstari."

"Kamishna, naomba kusema jambo," alisema Skola. "Pua haitamnusa mtu ambaye hajakubali. Anayetaka aje mwenyewe."

"Na mwizi gani atakubali?"

"Hatakubali. Basi hatutamjua kwa Pua. Lakini asiye na hatia anaweza kujisafisha. Fide amekubali."

Fide aliruka mbele kabla hajaitwa. Pua ikawatangazia abiria maharage, uji, na mdomo usio na mbuzi, na safari hii hata Kamishna alisogea karibu kusikiliza. Akamzunguka Fide, akalinusa shati lake kwa pua yake mwenyewe, akatikisa kichwa.

"Vizuri," alisema polepole. "Vizuri kabisa. Fidelisi, rudi mstarini. Nani anafuata?"

"Mimi!" "Mimi, Kamishna!" "Mimi nilisema kwanza!"

Mstari ulivunjika. Skauti walisukumana kwenda kunuswa kama wanaogawiwa peremende. Mmoja baada ya mwingine alitangazwa msafi, na aliyetangazwa alihamia upande wa Fide akipigiwa makofi. Skola alikuwa akitabasamu. Kisha aliangalia upande wa pili, walikobaki wasiokuja, na tabasamu likamkauka.

Walikuwa wanapungua. Na kadiri walivyopungua ndivyo waliosafishwa walivyowakodolea macho. Mwalimu Ngailo alisimama pembeni kabisa, amepauka, lakini hakuna aliyekuwa anamtazama, nani angemtazama Mwalimu? Walikuwa wanamtazama Tumpe.

Tumpe alikuwa mdogo kuliko skauti wote, na alilala hema moja na Skola. Hakuwa amemla mbuzi. Tumpe alikuwa anakojoa kitandani, na kila alfajiri alikuwa akiufua mfuko wake wa kulalia mtoni kabla wengine hawajaamka. Skola alilijua hilo na alikuwa amenyamaza nalo kambi nzima. Sasa mtoto yule alikuwa amesimama akipindapinda skafu, machozi yamefika kwenye kope, na mtu mmoja kati ya waliosafishwa akasema kwa sauti, "Tumpe, mbona hutaki? Kwani umefanya nini?"

Njia ya tatu, nzuri sana, ilikuwa imefika hapo.

Skola aliinama kama anayefunga kiatu, akapitisha kidole nyuma ya kopo, akachomoa betri. Alikuwa ameshafungua mdomo aseme kwamba kunusa kumekwisha, lakini Oresti, kijana mrefu wa hema la tatu ambaye zamu yake ilikuwa imefika, alishaiweka sura yake mbele ya matundu na kusubiri.

Pua ilinyamaza.

Oresti alisubiri. Alimeza mate. Pua iliendelea kunyamaza, na Oresti akaanza kutoka jasho.

"Sawa!" alipiga kelele. "Sukari ni mimi! Ile ya kopo la bluu. Lakini mbuzi sijamgusa!"

Watu waliduwaa. Msichana aliyekuwa nyuma ya Oresti alilitazama kopo kwa hofu, akasema haraka kwamba simu anayo, ameificha kwenye mkate, na kwamba alijua simu zimekatazwa. Wa tatu alikiri kwamba fundo lililompa nishani mwaka jana alifungiwa na dada yake. Mama Tweve alikuja kutoka jikoni akijifuta mikono kwa kanga, akasimama mbele ya Pua ameinamisha kichwa. "Chai ya tangawizi," alisema, "haijawahi kuwa na tangawizi. Mnisamehe wanangu. Iliisha siku tuliyofika."

"Jamani!" Skola alipaza sauti. "Jamani, imezimwa! Betri hii hapa!"

Aliinua betri juu wote waione. Oresti akasema, "Aah!" kwa uchungu wa mtu aliyetoa sukari bure, na vicheko vikalipuka kila upande. Hata Tumpe alicheka, machozi yakimwagika. Kamishna Haule peke yake hakucheka. Alikuwa analitazama lile kopo kwa macho mapya kabisa, kama mtu aliyeona ng'ombe anakamuliwa asali.

"Iwashe," alisema.

"Hapana, Kamishna."

"Skolastika, umebakiza watu wachache tu. Iwashe, nishani ni yako."

"Wengine hawataki kunuswa, na sababu zao si mbuzi."

"Basi waliokataa ndio washukiwa wangu. Tumpe, njoo hapa mbele."

Tumpe hakuweza kusogea. Mtu mwingine alisogea badala yake, akichechemea, kofia mkononi. Mwalimu Ngailo alipita katikati ya gwaride, akafika mbele ya meza, akasimama wima kadiri mguu wake ulivyomruhusu. Alilitazama kopo, kisha betri iliyokuwa mkononi mwa Skola.

"Najua imezimwa," alisema. "Mwache mtoto, Kamishna. Paja nimelila mimi."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu aligeuka akawatazama skauti wake, akasema tena ili wa nyuma wasikie, kwamba alikula, kwamba alidanganya alikuwa amelala, na kwamba alimwacha Fide abebe aibu yake usiku mzima. Alimwita Fide mbele, akamwomba radhi kwa jina lake lote.

Fide alikuna kichwa. Hakujua mtu mzima akikuomba radhi unafanya nini.

"Mwalimu," aliuliza hatimaye, "alikuwa mtamu?"

"Fide, mwanangu, alikuwa mtamu sana. Ndiyo shida yenyewe."

Kamishna Haule alimaliza mambo kwa utaratibu. Fide alirudishiwa jina lake. Mwalimu Ngailo alisimamishwa uongozi mpaka halmashauri ya mkoa ikae, na aliambiwa aende mwenyewe kwa wale wazee wa kijiji awaeleze paja lao lilikwenda wapi. Kisha Kamishna akamwita Skola kando, nyuma ya hema la jiko.

"Nilikosea juu ya kifaa chako," alisema. "Kinafanya kazi. Kinafanya kazi hata kikiwa kimezimwa, na sijawahi kuona kitu kama hicho. Kambi zote za mkoa zingekihitaji langoni. Wizi ungekwisha, simu zingekwisha. Niachie kopo, nakusainia nishani sasa hivi, na ngazi ya juu kabisa."

Skola alilishika kopo kwa mikono miwili. Angekuwa ameambiwa maneno hayo juzi, angelia kwa furaha. Aliwaza lango, na mstari mrefu wa watoto, na akina Tumpe wote ambao hakuwajua majina.

"Kwa maziwa naweza kukuachia, Kamishna. Na gesi ikivuja. Nitafuta harufu za watu, zote, halafu ichukue."

"Bila watu haina maana kwangu."

"Basi nitarudi nayo nyumbani."

Kamishna alirudisha kalamu mfukoni. "Jaribio lilikuwa kutatua tatizo kwa kutumia kifaa. Tatizo limetatuliwa kifaa kikiwa hakina betri. Siwezi kukupa nishani, Skolastika. Unaelewa?"

"Naelewa, Kamishna," alisema Skola. Alikuwa anaelewa, na hata hivyo akaenda kusimama nyuma ya mti mpaka macho yalipokauka.

Mchana walishuka mlima. Gari lisingeweza kufika kambini, na mguu wa Mwalimu Ngailo ulikuwa umevimba kiasi cha kukataa kiatu, soksi, na hatimaye upepo. Fide alikuwa na furaha ambayo hakuweza kuificha. Alikata miti miwili, akafunga mablanketi kwa mafundo ambayo hakufungiwa na mtu, akamlaza Mwalimu juu yake, akaukinga mguu kwa mto, huku Kamishna Haule akitembea pembeni na kutikisa kichwa kwa kuridhika kila hatua. Kabla hawajafika barabarani Fide alikuwa ameshapata nishani yake ya Huduma ya Kwanza, na Mwalimu alikuwa ameshamwita mama yake kwenye kila jiwe la njia ile.

Skola alishika pembe ya nyuma ya machela, Pua ikiwa kimya mgongoni ndani ya begi. Mwalimu alikuwa amelala chali, uso wake karibu na wa Skola.

"Skola," alisema taratibu, wengine wasisikie. "Nisingetoka pale mbele, ungeiwasha?"

Skola aliihamishia pembe ya machela mkono wa pili. Alimtazama Fide aliyekuwa mbele, akipiga mluzi, na Tumpe aliyebeba kofia ya Mwalimu kwa mikono miwili.

"Sijui, Mwalimu. Nimejiuliza tangu asubuhi. Sijui kweli."

Mwalimu Ngailo alitikisa kichwa, kama alivyozoea kufanya darasani mtu akimpa jibu ambalo hakulitarajia lakini hana la kulipinga.

"Haya," alisema. "Inua upande wako kidogo, unanimwaga."